Wazima, Ila

Yule mbwa wa kwanza, aliyeletwa na shangazi kutoka Mombo ndani ya boksi la sabuni, mama aliniambia kwa simu kwamba amepotea. Sikuuliza zaidi, jambo la ajabu kwangu, maana nyumbani wanasema nilianza kubishana na mchungaji hata kabla ya kipaimara. Lakini sauti ya mama ilikuwa ya kawaida, nami nilikuwa kazini Dodoma, na mbwa wadogo hupotea.

Kilichonirudisha nyumbani Gare ni simu ya shangazi. Aliniambia kile ambacho mama hakukisema: kuna mtu alikuwa anazunguka nyumba yetu usiku. Mara ya kwanza aling'oa karoti tuta zima. Mara ya pili alijaribu mlango wa jiko, mama akiwa ndani, macho, anasikiliza kitasa kikichezewa. Tangu baba afariki anaishi peke yake pale juu, nyumba ya mwisho kabla ya msitu wa miwati, na habari ya kuhamia kwangu hataki kuisikia. Alitaka mbwa. Niliomba ruhusa kazini. Jumapili nilitakiwa niwe njiani kurudi.

Nilisema safari hii tutachagua kwa akili. Juu ya mji wa Lushoto anaishi mzee mmoja, mstaafu wa idara ya misitu, anayefuga mbwa wakubwa wa Kijerumani na kuuza watoto wao kwa wenye hoteli na mashamba. Nilikuwa nimesoma vya kutosha. Macho yasiwe na tongotongo. Fizi zisiwe nyeupe. Tumbo likivimba kama ngoma, hiyo ni minyoo. Na zaidi ya yote, umwone mama yao, kwa sababu muuzaji anayemficha mama ana jambo lingine analificha.

Ijumaa tulimkuta anakwangua banda. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kisha yeye na mama wakasalimiana kwa Kishambaa, salamu ndefu inayouliza hadi ng'ombe na mvua. Walipomaliza nikamwuliza kama watoto wote ni wazima.

"Wazima," alisema.

Neno hilo silipendi tangu utotoni. Kwetu hujibiwa kabla swali halijasikika. Unaweza kuwa na mgonjwa hospitalini na maiti ndani, ukiulizwa habari za nyumbani utajibu wazima. Ukweli husubiri mgeni akae, apewe chai, ndipo uje na neno dogo: ila. Wazima, ila bibi hajaamka tangu juzi. Chuoni niliwahi kubishana na rafiki zangu kwamba huu ni uongo tuliouvalisha nguo za adabu. Kwa hiyo sikupokea jibu la mzee. Niliomba kuingia bandani.

Mama alinivuta sweta. Nilijifanya sikuhisi. Niliwainua watoto mmoja mmoja, nikawafunua midomo, nikawanusa masikio, nikapiga makofi nyuma yao kuona nani anageuka. Nikaomba kadi.

"Ya chanjo ninayo," mzee alisema. "Ya ubatizo bado."

Mama alicheka kwa aibu. Mimi niliendelea, na nilipomgeuza jike mmoja chali nimtazame kitovu, mzee aliegemea koleo lake.

"Msomi, ukimaliza huko uniambie kama unanunua mbwa au unaoa."

Mzee alinionyesha mama yao bila kuombwa mara mbili. Alikuwa jike mpana, manyoya safi, akanikoromea kidogo kisha akanipuuza. Nilitafuta kasoro sikuiona, na hilo likanitia wasiwasi kuliko kasoro yenyewe. Wakati huo yule jike mdogo niliyemgeuza alikuwa amekwenda kulala juu ya kiatu cha mama. Mama hakumwondoa. Alisimama vilevile, mguu mmoja hausogei, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye ameshafika nyumbani na mbwa wake.

Tukakaribishwa chai barazani. Mzee alimimina, akamsogezea mama sukari.

"Na kwako, mama, wazima?"

"Wazima, mzee."

 Mzee alikoroga chai yake, akatazama ukungu ukipanda kutoka bondeni. Mama alizungusha kikombe kwenye kisosi.

"Ila yule wa kwanza hakupotea," alisema.

Alieleza akitazama kikombe. Mtoto yule alianza kutapika, akakataa maziwa, akaharisha damu, akafia kwenye kuni za jikoni. Mama alimfukia nyuma ya kibanda cha mbwa. Mwezi bado haujaisha. Kibanda alikiosha kwa maji na sabuni, akaweka majani mapya, kikawa tayari kwa huyu tunayemchukua leo.

Mzee aliuliza mambo machache kwa sauti ya chini: sakafu ni ya saruji au udongo, mtoto alikuwa akizunguka wapi, alitapikia wapi. Udongo, mama alijibu. Alizunguka uani kote.

"Basi simtoi," mzee alisema. "Nikikupa huyu, utamzika karibu na mwenzake."

Nilibisha. Nilisema watoto wamechanjwa. Wamechanjwa mara moja tu, alinijibu, na chanjo hazijakamilika. Nilitaja dawa za kuua vijidudu. Akasema kwenye saruji sawa, lakini udongo hausuguliwi, na ugonjwa huo unaweza kukaa ardhini miezi mingi. Nilijua ni kweli. Nilikuwa nimeyasoma hayo hayo, nikayaweka kwenye fungu la maswali ya kumbana muuzaji.

Nikamgeukia mama. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungesema nihame."

Kweli ningesema hivyo hivyo.

Mzee alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi na mbwa jike mkubwa amefungwa kamba, sikio moja limechanika. Alikuwa wa uzao wa zamani, chanjo zake zote zimetimia. Hoteli moja ilimrudisha kwa kuwa alibwekea wageni hadi wakashindwa kula. "Huyu ni mtu mzima," alisema. "Ugonjwa ule hautamsumbua. Ila hapendi watu haraka."

Mama hakumtaka. Nilimwona akimtazama yule mdogo, ambaye sasa alikuwa anatafuna kamba ya kiatu changu. Alitaka mbwa ambaye angemlea mwenyewe, asiyemjua mtu mwingine. Huyu alikuwa ameshajua nyumba mbili. Mwishowe aliinuka, akaipokea kamba kama mtu anayepokea mzigo wa mwenzake.

Nyumbani yule jike alikaa uani ameelekea juu, upande wa Lushoto. Hakugusa ugali wala dagaa. Jirani wa chini, ambaye ni Mwislamu, alikuja kuomba tu afungwe vizuri asifike kwenye mkeka wake wa swala, kisha akamtazama mbwa kwa muda na kusema anasikitika, huyu. Mama alikaa kwenye kigoda karibu naye, anapukuchua maharage, hamgusi wala hamsemeshi. Jumamosi ilipita hivyo.

Jumapili asubuhi bakuli lilikuwa bado limejaa. Nilisema nitapiga simu kazini niongeze siku. Mama aliniambia niende, nisije nikakosa gari la Mombo, na akanifungia mihogo ya kula njiani.

Nilikuwa nimeshapita mlango wa ua, ule wa miti, nilipokumbuka nimeacha sweta kwenye kamba ya nguo. Nikarudi. Nilipoweka mkono kwenye komeo yule jike aliinuka ghafla, akabweka kwa sauti nzito, mara ya kwanza tangu afike, akiivuta kamba mpaka ikakaza. Nilisimama nje ya ua wetu. Mama alitoka jikoni, akaniona, akamtazama mbwa, na hakumnyamazisha.