Matundu Niliyoyaziba kwa Godoro

Aibu hii nimeikalia muda mrefu, na wanaoijua wamenistahi wasinikumbushe, lakini kwa kuwa mmeniuliza kwa nini nikiingia nyumba ya mtu macho yangu huenda kwanza juu ya dirisha, basi sikilizeni, na mkitaka kucheka chekeni.

Mimi shule niliishia darasa la nne, Pangani. Stockholm nilianza kwa kusugua sakafu za treni, nikaja kusugua maofisi, mwisho nikawa na watu wangu wa kusugua na gari lenye jina langu ubavuni, na nyumba Upplands Väsby, ndogo lakini yangu. Nasema haya si kwa kujisifu (najisifu kidogo), ila mjue ni mtu wa namna gani aliyeharibu mambo. Binti yangu Zuhura alipopata mchumba, Faridi wa Sundbyberg, mtoto wa Mzee Shabani dereva wa basi, nikaapa kwamba posa haitapokelewa kwenye ukumbi wa kukodi kule Vällingby kama wanavyofanya wengine. Mtu na akili zake anapokea wakwe nyumbani kwake, wamwone anakaa wapi. Na kwa kuwa sebule yetu ilikuwa haitoshi, nikaongeza chumba ubavuni mwa nyumba, mimi na rafiki zangu, kwa nyundo na matusi, chumba kikubwa chenye madirisha mapana yanayotazama bustani.

Sasa huku huongezi chumba hivi hivi tu ukalala. Alikuja mtu wa manispaa kukagua, kijana mpole wa sauti ya chini, akatazama ukuta, akatazama paa, akafika kwenye madirisha akasimama. Madirisha yale niliyachukua kwenye ofisi iliyokuwa inabomolewa, mazima kabisa, vioo viwiliviwili. Akaniambia kila dirisha la chumba cha watu lazima liwe na kitundu cha hewa juu ya fremu, kitu chembamba kirefu kama mdomo wa sanduku la barua, chenye kifuniko cha kusogeza, ili hewa ipite pole pole hata dirisha likiwa limefungwa.

"Dirisha lenyewe si linafunguka?" nikamwuliza.

"Mwezi wa kwanza nani hufungua dirisha?" akaniuliza yeye.

Nikatoboa fremu, nikaweka matundu, akarudi akayapitisha, tukapeana mikono. Hapo ningeishia, leo nisingekuwa na hadithi.

Ikaja baridi. Ilikuwa mwaka 2010 hivi, theluji imefika magotini, na mimi kila nikikaa kwenye chumba changu kipya nasikia kitu kinanipulizia kisogoni, fff, fff, kama mtu anayenong'ona umbea. Nikajisemea, mimi nachoma umeme kupasha chumba, halafu niache mlango wa kulitoa joto nje? Nani ametunga sheria hii? Nikachukua kisu, nikakata vipande vya godoro kuukuu, nikavishindilia kwenye yale matundu kimoja kimoja, nikabandika mkanda, nikapaka rangi nyeupe juu yake, huwezi kujua kama palikuwa na tundu. Kisha nikazungusha mkanda kwenye fremu zote za madirisha na huo nao nikaupaka rangi. Nikakaa. Kimya. Joto. Nikajiona fundi.

Zuhura alipokuja aliinua macho mara moja tu akajua.

"Baba, yale matundu yana kazi yake."

"Kazi yake kunitia mafua."

"Bibi yake Faridi amekuja kutoka Tanga kwa ajili ya posa, na ana pumu. Chumba kitajaa watu. Snälla pappa." (Mtoto yule akinisihi kweli kweli huhamia Kiswidi, tangu mdogo, kama kwamba kwa Kiswahili sisikii.)

"Hiki chumba nimejenga mimi au umejenga wewe?"

Akachukua koti lake akaenda zake, na mimi nikadhani nimeshinda.

Siku ya posa ikafika. Kwetu huwezi kupokea wakwe bila kufukiza udi, ni kama kumwingiza mgeni ndani na hujafagia, basi Mama Zuhura akawasha makaa nje, akayatia kwenye chetezo, akaweka kipande cha udi, akanikabidhi nikakiweke pembeni ya chumba. Kipande! Siku kama ile? Nikaongeza gao zima, kiganja kimejaa. Kile king'ora cha moshi cha darini kikaanza kupiga kelele kama kuku aliyekamatwa, nikakidungua kwa ufagio, nikakitoa betri, nikakitia mfukoni mwa koti. Jikoni pilau linachemka, mlango wa jikoni uko wazi, mvuke wote unakuja kwetu. Nikasema, vizuri, harufu inakaa, haitoki. Nilifurahia hilo, wallahi. Haitoki.

Wageni wakaingia, wakavua viatu ukumbini, wazee na kanzu zao na makoti juu yake, wakajaa chumba wakanisifia. Mzee Shabani akapapasa ukuta akasema, "Umejenga, mzee mwenzangu," nami nikajifanya sikusikia ili aseme tena. Bibi yake Faridi, kwa umri wake, hakuna aliyethubutu kumpeleka jikoni kwa wanawake, tukampa kiti cha heshima, na kiti cha heshima kilikuwa wapi? Karibu na chetezo, afaidi harufu. Zuhura yeye alikuwa chumbani kwake kama inavyotakiwa, haonekani mpaka aendewe kuulizwa kama amekubali. Neno lile moja la kukubali ndilo nililolijengea chumba kizima.

Msemaji wao, Mzee Athumani, akaanza maneno yake mazuri ya kuomba ua la bustanini kwetu. Wakati huo vioo vimekuwa vyeupe kama maziwa, maji yanatiririka hadi kwenye vizingiti, na mimi nakausha kwa kiwiko huku natabasamu. Mara tone likatoka darini likaangukia kofia yake. Akatazama juu.

"Mzee, kwako mvua inanyesha ndani?"

Watu wakacheka. Nikasema, "Hiyo baraka, endelea." Wakacheka tena. Mpaka hapo nilikuwa bado mtu mbele yao.

Kisha Bibi akakohoa. Akaziba mdomo kwa khanga, akakohoa tena, akasema kwa adabu, "Wanangu, nipatieni upepo kidogo."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Subiri kidogo Bibi, baridi ya nje itakuumiza." Mtu mzima ananiomba pumzi namwambia asubiri.

Hakuweza kujibu. Alikuwa anavuta hewa na haifiki, kifua kinapanda tu. Mzee Shabani akaruka, "Fungua dirisha!" Nikalivamia dirisha, nikalivuta, rangi na mkanda vimeshikana kama saruji, nikavuta kwa nguvu zote, kishikio kikakatika. Nikabaki nimekishika mkononi mbele ya wakwe kama mtu aliyepewa zawadi. Nikakimbilia la pili, vile vile. Kila dirisha nililokwenda nilikuwa nimetangulia kuliziba mwenyewe.

Mlango wa chumbani ukafunguka, Zuhura akatoka na piko lake mikononi, hajaendewa, hajaulizwa, hakutazama mtu. Akamshika Bibi kwapani akamtoa nje, na wageni wote wakamfuata, kanzu na soksi kwenye theluji, na moshi wa udi nyuma yao kama unawasindikiza. Jirani yetu Gunvor, mama wa Kiswidi anayeishi peke yake, akaona wazee wa kanzu wanakimbia na moshi unatoka, angefikiri nini? Akapigia zimamoto. Kisha akaja na blanketi, akamchukua Bibi na Zuhura nyumbani kwake.

Bibi akavuta dawa yake ya pumu huko, akatulia kidogo kidogo. Zuhura alirudi kuniambia hivyo, na hapo ndipo gari la zimamoto lilipoingia na taa zake, mtaa mzima madirishani. Mmoja wao, bonge la mtu, akatoa chetezo akakizika kwenye theluji, kikalia chsss. Akarudi ndani, akakwaruza rangi juu ya dirisha kwa ukucha, akavuta. Godoro likatoka, la njano, refu, likawa linatoka tu. Akatoka nalo hadi tuliposimama, akalishika juu, akauliza kwa Kiswidi nani ameziba hapa, na akasema makaa katika chumba kilichozibwa hivi, mngekaa zaidi, wengine wangesinzia na wasiamke.

Mzee Athumani, aliyekuja juzi tu kutoka Tanga, akauliza, "Anasemaje?"

Zuhura akanitazama. Angeweza kunimaliza pale pale, na ilikuwa haki yake. Akawageukia akasema, "Anasema madirisha mapya huwa hivi mwanzoni."

Mzee Shabani anaendesha basi mji huu miaka na miaka, Kiswidi chake kinanishinda mara mbili. Alisikia kila neno. Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Naam," akasema, "madirisha mapya." Na mimi, kishikio mkononi, nikaacha mwanangu aseme uongo kwa ajili yangu.

Posa ilimalizikia kwa Gunvor, kwa sababu Bibi alikataa kwa upole kurudi kwangu, na nani angemlaumu? Tukabanana kwenye sebule ya mama yule, tukinywa kahawa yake, na pale, chini ya picha ya mbwa wake aliyekufa, Zuhura akaulizwa, akasema amekubali. Juu ya dirisha la Gunvor palikuwa na kitundu, kifuniko kiko wazi, na karibu yake Bibi amekaa anapumua.

Harusi waliifanyia Vällingby, ukumbi wa kukodi. Sikubisha. Bibi akarudi Tanga, na kumwomba radhi sikumwomba, kila siku nasema kesho, mpaka ikaja simu kwamba hayupo tena. Hilo ndilo linaloniuma, kishikio nilishakirudishia.

Chumba kipo. Godoro nililitoa lote jioni ile ile kwa kisu kile kile, na tangu hapo hakuna tundu nililoambiwa niliache nikaliziba, wala sitaziba. Zuhura akija na wajukuu zangu kulala, kabla hajavua koti hutazama juu ya dirisha. Nami huinuka kwenye kiti changu, nasogeza kile kifuniko mbele yake, ingawa tayari kilikuwa wazi, ndipo naye huvua koti.