Hedifoni za Mama

Kaka zangu wakisoma haya watasema nimetoa mambo ya ndani nje. Waseme. Wao walisema mengi mbele ya mama yetu wakiamini hasikii, kwa hiyo wasinifundishe leo adabu ya maneno.

Nilikuwa nauza katika duka la vifaa vya redio mjini Moshi, karibu na soko, miaka ile bidhaa zilipoanza kumiminika. Utotoni mwangu redio ilikuwa kitu cha kusubiriwa. Ghafla tukawa nazo za kila rangi, na redio kaseti, na kaseti tupu kwa maboksi, na hedifoni zinazoning'inia mlangoni kwa mikungu. Tajiri yangu alikuwa mzee wa Kihindi, mtu wa maneno machache. Fundi wake alipohamia Arusha, alihangaika wiki mbili kutafuta mwingine. Mimi nilikuwa nimemtazama fundi yule kwa miaka minne nikiwa nyuma ya mgongo wake. Siku moja nikavuta kiti, nikashika chuma cha moto cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya, nikatengeneza redio tatu kabla ya chakula cha mchana. Tajiri akazijaribu moja moja, kisha akasema nisisahau kuzima chuma nikitoka. Hakuna siku aliyonitamkia kwamba sasa mimi ndiye fundi, lakini kwenye kiti kile hakuniondoa tena.

Wateja ndio waliokuwa kazi. Mtu anaingia, anakuta mwanamke, ananitazama juu mpaka chini, anauliza fundi yuko wapi. Namwambia unamwona. Anacheka, anasema atapita fundi akiwepo. Wengi walirudi, wakanikuta mimi yule yule, wakaacha redio zao kwa unyonge.

Chini ya kaunta kulikuwa na boksi la hedifoni zilizorudishwa, zile za bei ya chini, zenye utepe wa chuma na kisponji chembamba. Kila aliyezirudisha alisema zinalia kama bati. Tajiri alitaka kuzitupa. Mimi sipendi kitu kitupwe kwa sababu tu ni cha bei rahisi. Nimeshatazamwa hivyo mwenyewe, naijua ladha yake. Nikaanza kuzifungua. Spika zake hazikuwa mbaya hata kidogo. Ubaya wake ni kwamba hazikukaa vizuri sikioni, na sauti yote nzito ilikuwa inavujia pembeni. Nikaukunja utepe ili zibane kiasi. Nikakata sponji ya godoro kuukuu, duara lenye tundu katikati, nikalivika kitambaa cha khanga iliyochakaa, likawa linafunika sikio lote. Pini ya kuchomeka redioni nikaisugua kwa spiriti mpaka ikang'aa, maana nusu ya mikwaruzo huanzia pale. Waya uliolegea nikauchoma upya. Nilipovaa na kuweka kaseti ya kwaya ya parokia, niliwasikia waimbaji wakivuta pumzi kabla ya kuanza. Nikacheka peke yangu mle dukani.

Kila Jumamosi mchana nilitoka chumbani kwangu mtaa wa Soweto, pale pale mjini, na kupanda Marangu kwa mama. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alibaki na kihamba chake, migomba na mibuni iliyozunguka nyumba, na ng'ombe wawili bandani. Masikio yake yalikuwa yanamwacha taratibu. Zilianza kupotea sauti za watoto, yakafuata mahubiri ya padri, mwisho hata sisi. Hospitali walisema anahitaji kifaa cha kusikilizia na kwamba lazima kiagizwe. Kaka mkubwa, ambaye alikuwa na biashara yake Dar es Salaam, alisema suala hilo wataliangalia. Waliliangalia miaka mitatu.

Mama alikuwa na fahari yake, hakutaka mtu ajue. Ukizungumza naye alikutazama mdomoni, akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Wageni walimsifu kwa upole. Mama yangu hakuwa mpole hata siku moja, alikuwa hasikii.

Desemba kila mtu hurudi mlimani, na Krismasi ikishapita familia hukaa kikao. Mwaka mmoja kaka mkubwa alisema kikaoni kwamba ng'ombe wawili ni mzigo kwa mtu mzima, mmoja auzwe. Akamgeukia mama, akamuuliza kama ni sawa. Mama akaitikia kwa kichwa, na tabasamu lake lile. Siku ya tatu alirudi kutoka kumsalimia jirani, akaingia bandani na majani, akakuta kamba moja haina mnyama. Akazunguka migombani akimwita ng'ombe wake. Nilimfuata, nikampigia kelele sikioni mpaka akaelewa. Akakaa juu ya ndoo ya kukamulia, akaniuliza nani aliwaruhusu. Nikashindwa kumjibu kwamba ni yeye.

Niliwakasirikia kaka zangu, na hasira hiyo sijaimaliza mpaka leo. Nilijikasirikia mimi zaidi. Nilikuwepo kikaoni, nilijua kichwa kile kinaitikia asichokisikia, nikanyamaza kwa sababu mtoto wa kike hakatizi wakubwa.

Mwaka uliofuata, mvua za vuli zikiwa zinaanza, kaka mdogo alipita dukani kununua waya. Yeye ni kitinda mimba, na kwa mila yetu nyumba ya wazazi ni yake. Akanieleza kwa furaha kwamba yeye na kaka mkubwa watajenga nyumba ya wageni pale kihambani, ya watalii wanaopanda mlima. Kahawa itang'olewa, maana bei yake imekufa. Mama atahamia Dar es Salaam. Nikamuuliza kama mama anajua. Akasema ataambiwa kikaoni, na mama hana shida, mama huwa anakubali.

Jumamosi ile nilimpigia mama kelele sikioni habari yote. Alisikiliza alichoweza, akasema hawezi kumhukumu mwanawe kwa maneno ya kuletewa. Aseme mwenyewe, naye asikie. Nilirudi mjini nikilirudia neno lile njia nzima: naye asikie.

Kuna redio kaseti ambazo ukibonyeza kitufe cha kurekodi pamoja na kile cha kusimamisha, mkanda hausogei, lakini sauti inayoingia kwenye kipaza sauti inapita moja kwa moja mpaka kwenye hedifoni. Siyo zote. Nilijaribu tano za pale dukani ndipo nikapata moja. Nilipomweleza tajiri ni ya nini, alivua kofia, akakuna kichwa, akaniambia niichukue na niirudishe ikiwa nzima. Hedifoni nilitoa ndani ya boksi lile la zilizorudishwa.

Mara ya kwanza niliharibu. Niliongeza sauti mpaka mwisho, kosa lile lile la kila mtu anayezungumza na kiziwi. Mama alizivua kwa nguvu.

"Unanipigia kelele kama wenzako," aliniambia.

Nikakaa nikafikiri. Mngurumo alikuwa anausikia, hata lori likipita barabarani alijua. Vilivyompotea ni vile vijisauti vyembamba vinavyotenganisha neno na neno. Redio ile ilikuwa na vitufe vitano vya kusukuma juu na chini. Vile vya sauti nzito nikavishusha vyote, vile vya sauti nyembamba nikavipandisha, na sauti yenyewe nikaiacha ya kawaida. Umeme wa ukutani ulikuwa unaingiza mvumo, kwa hiyo nikaweka betri, tena mpya, siyo zile tunazoanika juani mpaka zinavuja. Kipaza sauti nikakivika sponji na kukilaza juu ya khanga iliyokunjwa, kisichukue vishindo vya meza.

Nikamvisha tena, akiwa kwenye benchi nje ya jiko. Kisha macho yake yakaelekea nyuma ya migomba, kwenye mfereji wetu wa maji.

"Mfongo," alisema. "Nilidhani wameufunga."

Mimi nikazunguka nyuma yake, pale asipoweza kuona mdomo wangu, nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, "Shikamoo, mama." Akajibu marahaba bila kugeuka. Nikaenda migombani nikalia, na sioni haya kusema hivyo.

Krismasi ilifika, nao wakafika. Kaka mkubwa alikuja na redio yenye spika mbili kubwa na taa za rangi, akaifungulia tangu mkesha mpaka vyombo kabatini vikatetemeka. Aliniambia huo ndio muziki, siyo vile vidude vya kuchokonoa masikio vya dukani kwetu. Nilimwambia akiisogeza kutoka kwenye kona ya ukuta na kupunguza ule mngurumo, atasikia mwimbaji anasema nini. Akasema wanawake bwana. Haya, mdharau mwiba mguu huota tende.

Kikao kilikuwa sebuleni, mwenyekiti baba mkubwa, ndugu mkubwa wa marehemu baba. Kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, kilikuwa kinazunguka mama alipoingia amevaa hedifoni juu ya kitambaa chake cha kichwa, mimi nyuma yake na kikapu chenye redio. Nikaweka kipaza sauti mezani. Watu wakacheka. Kaka mdogo akauliza kama leo kuna disko. Kaka mkubwa hakucheka. Alitaka kujua kama tunamrekodi. Nikamwonyesha mkanda umesimama, nikamwambia hii ni ya mama kusikilizia tu. Akapunga mkono, naona hakuamini kwamba takataka ile inaweza kufanya kazi yoyote. Lakini baba mkubwa alisema kikao siyo mahali pa michezo, hivyo vitu vivuliwe.

Nilishafungua mdomo. Mama akanitangulia.

"Shemeji, anza kuvua miwani yako, nami nitavua hizi."

Baba mkubwa akashika miwani yake, akabaki ameishika. Alimtazama mama, akatazama sponji zile za godoro, kisha akasema kikao kiendelee.

Kaka mkubwa akasimama. Mtu mwenye akili angejiuliza mama amejuaje alichoambiwa na baba mkubwa aliyekuwa ameinamia kibuyu. Yeye hakujiuliza. Alizungumza kama alivyozungumza siku zote, na mama amekaa hatua tatu kutoka kwake. Alisema nyumba inaoza na kahawa hailipi. Alisema mama atakaa kwake, chumba cha uani, karibu na geti, kwa kuwa hahitaji chumba kikubwa mtu anayeshinda amekaa kimya. Alisema mtu asiyesikia ni mtoto, huamuliwa. Halafu akamgeukia kwa tabasamu pana, akapaza sauti.

"Sawa, mama?"

Sote tulikitazama kichwa chake. Hakikusogea.

"Sema tena," mama alisema. "Lile la chumba karibu na geti. Na lile la mtoto."

Kaka alinitazama mimi. Nilimtazama na mimi, macho kwa macho, sikuinama. Mwanamume aliyekuja na spika mbili kubwa hakuwa na sauti.

"Mwaka jana niliitikia kwa sababu sikusikia," mama aliendelea, polepole, "mkauza ng'ombe wangu. Leo nimesikia yote. Sitoki hapa." Akamgeukia kitinda mimba wake. "Wewe nyumba ni yako, sikatai. Utaichukua nikishalala pale migombani kando ya baba yako. Sijalala bado."

Baba mkubwa akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu. Kisha akasema mwenye nyumba ameshasema, na kwamba jambo hilo lisirudishwe mbele yake.

Hapo ndipo kaka mkubwa alipopata maneno. Akaanza kujieleza. Alikuwa na nia njema, chumba chenyewe kina feni, habari ya mtoto ilikuwa mfano tu, tena ni mimi ninayemjaza mama maneno. Akazidi kupaza sauti, jasho linamtoka. Mama akazivua hedifoni, akazishusha shingoni, akaegemea kiti. Akawa anamtazama mwanawe mdomoni, anatabasamu, anaitikia kwa kichwa taratibu, kama zamani. Kaka alizungumza hivyo karibu nusu saa, na alipomaliza hakuna mtu sebuleni aliyethubutu kusema mama amekubali.