Njia Kati ya Picha Mbili

Jioni moja naikumbuka, mwanangu, kama ndoto ambayo mtu hataki kuamka aiache. Miaka ile ya hamsini nilikuwa kijana wa kazi kwenye gari la sinema. Tulizunguka Bungoma hadi Kitale na shuka jeupe, mashine ya picha na filamu fupi zisizo na sauti. Fundi Yohana aliendesha mashine. Mimi nilisimama kando ya shuka na kipaza sauti, nikiwaeleza watu wanachokiona.

Jioni hiyo tulikuwa kijiji cha Bumula; watu walikaa kwenye nyasi, ukungu ukishuka. Filamu ilimhusu kijana aliyeondoka kwao kutafuta kazi. Tulimwona akinywa uji jikoni kwa mama yake, mvuke ukipanda. Kufumba na kufumbua, yuko kwenye shamba la ng'ombe Kitale, ana ndevu. Nami nikasema tu, "Sasa yuko kazini."

Mwanamke mmoja akapiga ukelele. Alikuwa Kukhu Nekesa, nyanya wa kijiji kizima, ambaye mwanawe Simiyu alikwenda Kitale na habari zake zikakatika.

"Huyu si yule! Mtoto wa uji amekwenda wapi?"

Watu wakaanza kusimama, kina mama wakifunga watoto mgongoni. Yohana akaninong'oneza, "Endelea, bana." Lakini Kukhu alikuwa amefika mbele ya shuka, picha zikitembea usoni mwake.

"Mjukuu wangu, umemvusha mto bila daraja. Mimi mama mtu nitamfuata na nini?"

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na kuna siku, mwanangu, swali la mwenzako ndilo linalokufunza wewe. Nikamwomba Yohana arudishe filamu. Safari hii nilianza kusema kabla uji haujaisha.

"Mama anautazama mvuke. Unapanda juu ya paa, unavuka mto Kamukuywa pamoja na mwanawe, unapita Kiminini, kunapambazuka. Na kule Kitale ukungu unapanda vivyo hivyo, juu ya migongo ya ng'ombe."

Picha ikabadilika, wala hakuna aliyeshtuka. Ilikuwa kana kwamba tumebebwa usingizini, tukawekwa chini taratibu ng'ambo ya pili. Watu wakaketi. Kukhu akasema, "Ee, sasa amefika."

Kesho yake akapanda gari letu kwenda Kitale kumtafuta mwanawe. Tuliuliza shamba kwa shamba hadi tukamkuta Simiyu akikamua, amekonda, ndevu zimemjaa. Aibu ya kurudi mikono mitupu ndiyo iliyomzuia. Akaharakisha kutuonyesha ng'ombe wa zamu yake, lakini mama akamshika mkono.

"Hao nitawaona. Keti. Anzia mlangoni kwangu, asubuhi ile ulipoondoka."

Simiyu akasimulia mpaka jua likainama, mama akiitikia kwa kichwa kila kijito alichovuka.

Nyinyi wa leo mnatengeneza filamu zenu wenyewe, na nafurahi. Ila mwenda pole hajikwai. Kabla hujaikata picha kwenda nyingine, tafuta ndani yake kitu kinachoweza kuvuka: mvuke, wimbo, mkono unaofungua mlango. Umpe mtazamaji akishike, aende nacho. Na maisha yakikugeuza, usiwaache waliokupenda wamebaki na sura yako ya zamani. Rudi uwasimulie njia.

Mungu akuvushe salama, mwanangu, na kila utakakofika akuwekee mtu wa kukuuliza ulipitia wapi.