Tulimnywesha Mama kwa Nguvu

Mama yangu alimng'ata shangazi kidole mpaka damu ikatoka. Shangazi naye, mwanamke wa kupasua sangara sokoni kutwa, hakumwachia. Alimbana pua kwa mkono ule mwingine, na mama alipofungua mdomo kutafuta hewa, mimi nikamimina. Nilikuwa nimemkalia mapajani. Mama yangu mzazi! Ningekuwa na nafasi ya kulia ningelia, lakini nilikuwa na kikombe mkononi.

Najua mkisikia hivyo mnashika vichwa. Shikeni tu. Hamkuwepo mtaani kwetu Kitaji miaka ile ya shida, kipande cha sabuni tulikuwaga tunakigawana kwa uzi. Mama alikuwa anaharisha damu. Tumbo lilimkata mpaka akawa anatambaa kwenda chooni. Hospitalini daktari alimbonyeza, akasema utumbo umevimba na umechubuka kwa ndani, akaandika dawa. Kwenye dirisha la dawa tukaambiwa hamna. Shangazi akauliza itakuja lini, yule kijana wa dirishani akacheka. Weee! Shangazi alimkamata kola, akamvuta, akamgongesha paji la uso kwenye mbao za dirisha. Mlinzi akatutoa kwa rungu, mama tumemshika huku na huku.

Baba alikuwa amekwenda Buhemba kuchimba dhahabu, na kama aliipata, sisi hatujaiona mpaka leo. Akabaki bibi, mama yake baba, kule Butiama. Nikamfuata, maana alikuwa na dawa ya tumbo. Alichemsha magome ya miti na mizizi, akachanganya na uji wa ulezi na kimea, akaziba kwenye kibuyu na kuuacha mpaka uchachuke. Nilimuuliza ni miti gani. Akasema, "Nikikwambia utafungua duka."

Nilirudi mjini nimedandia lori la pamba lililotoka Bunda. Barabara ile na mashimo yake, kibuyu kikatikisika, kizibo kikaruka kikampiga utingo shavuni, povu likamjaa usoni. Akaninasa kofi. Nikamrudishia. Alitaka kunitupa chini, nikamwambia anitupe lakini kibuyu akifikishe Kitaji, maana kuna mtu anakufa. Akaniokotea kizibo, tukaendelea mpaka tukafika.

Mama akakataa.

"Mimi nilibatizwa ziwani pale Mugango, watu wakiniona," alisema. "Kanisani kwetu kilichochacha hakipiti kooni. Heri nife msafi."

"Wifi," shangazi akamjibu, "utakufa mchafu. Angalia shuka lako."

Basi ndiyo tukamkalia. Kikombe cha kwanza alikitapika chote kifuani kwangu. Tukamimina kingine. Tumbo likanguruma, akajikunja, akatutukana kwa lugha ya kwao matusi ambayo sikujua kama anayajua. Kila asubuhi na jioni ilikuwa vita. Alinichania gauni, na nguo zenyewe ndiyo hivyo zilikuwa hazipatikani. Alimpiga shangazi teke la ubavu. Nilimchukia kwa ule ubishi wake, jamani, nilimchukia kwa sababu nilikuwa naogopa kumzika.

Damu ikapungua. Halafu ikakoma. Siku moja akaomba ugali na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, akamaliza. Sijui ilikuwa mizizi, au ile chachu, au ulezi tu kwa mtu aliyekuwa hajala. Miaka ya ruksa, biashara zilipoachiwa na maduka ya dawa yalipofunguliwa kila kona, ugonjwa ulimrudia, na safari hiyo vidonge ndivyo vilivyomsaidia. Kwa hiyo siapi. Nasema nilichokiona.

Siku ya ibada akavaa, akatembea kwa miguu yake mpaka kanisani. Sisi nyuma, tunafurahi kama mabwege. Wakati wa ushuhuda akasimama.

"Nimekunywa kilichochacha," akasema. "Kibuyu kizima."

Hakusema tulimbana pua. Hakusema nilimkalia. Nilinyanyuka niseme mimi, akageuza shingo akaniangalia, nikakaa. Mzee wa kanisa akamtenga palepale, hakuuliza hata anaumwa nini. Ningekuwa na rungu la yule mlinzi ningempasua.

Tulirudi nyumbani. Mama akafunga mlango, akachukua mwiko. Alinipiga mgongoni, mabegani, mikononi nilipojikinga. Shangazi akaja kuamua, akala mapigo mawili ya kichwa, akatokea mlango wa uani anakimbia bila kilemba. Mwiko ukavunjika. Mama akaendelea kwa kofi. "Mlinikalia! Mtoto niliyemzaa! Mlinikalia!"

Nililia, iliuma kweli. Lakini nawaambia, nilifurahi pia. Mkono ule juzijuzi ulikuwa hauwezi kunyanyua kijiko, na sasa ulikuwa unanirusha kutoka ukutani mpaka kitandani. Kila kofi nilikuwa nasema moyoni, piga, mama, piga.

Alipochoka akakaa kwenye kigoda, anahema, jasho linamtiririka. Akajifuta kwa kanga.

"Kile kibuyu kimebaki na nini?"

"Machicha tu, mama."

Akavisogeza vipande vya mwiko kwa mguu.

"Kesho panda lori uende kwa bibi yako. Nimetengwa kwa kibuyu ambacho sikukitaka. Kaniletee kingine, na hicho msinishike."