Kalibu ya Watu Wawili

Mtaani walimwita Mzee Vichwa, wala si kwa ubaya. Miaka thelathini na minne alikuwa akitengeneza vichwa vya nguzo kwa saruji, vile vinavyopanuka juu na kuzungukwa na majani. Watu walidhani ni urembo mtupu.

"Nguzo ni kama mbeba ndoo," alikuwa akiwaambia, "na kichwa chake ni ile kata ya kitambaa. Ondoa kata uone ndoo itakavyokutoboa utosi! Boriti nayo ikikosa pa kujitandaza, itapasuka."

Kalibu yake ya kumwagia saruji ilikuwa ya vipande viwili, kila kimoja na mshikio wake. Kuifungua kulitaka watu wawili wavute pamoja, la sivyo ncha za majani hukatika. Upande wa ukutani ulikuwa wa mkewe. Mume akisema "moja," mke hujibu "mbili," na kwenye "tatu" kichwa hutoka laini kama yai lililomenywa. Tangu mke azikwe, kalibu haikuguswa.

Binti yao, aliyeolewa mbali, alipiga simu kila jioni. "Baba, njoo ukae na sisi."

"Nina oda moja, mama. Kichwa kikitoka kizima, nabaki hapa. Kikivunjika, unichukue."

Akamwaga saruji, akangoja. Siku ya nne akafunga mshikio wa ukutani kwa kamba kwenye mwimo wa mlango, akashika wa kwake.

"Moja," akasema. Kisha akajikuta anangoja.

Jirani yake, fundi baiskeli, akachungulia. "Mzee Vichwa, unahesabu na nani? Nikushikie?"

"Wewe mkono wako una papara. Kazibe pancha zako."

Akavuta. Kamba nayo ilivuta, ila kamba haijui kuhesabu. Jani moja la upande wa ukutani likakatika.

Mwenye oda alipokuja, alikizunguka mara mbili. "Mzigo kitabeba?"

"Kitabeba. Majani hayabebi kitu, linalobeba ni hili tumbo."

"Basi palipokatika nitapageuzia ukutani. Nani ataona?"

Kweli, nani angeona? Jioni simu ikalia.

"Kimetoka kizima, Baba?"

Jani lilikuwa bado sakafuni, hakuliokota. "Kimevunjika. Upande wa mama yako."

"Basi nakuja Jumamosi."

"Uje na gari lenye nafasi. Kalibu naibeba."

"Ya nini tena, Baba?"

"Mishikio yake ni miwili, mama."