Gari Lisilofika kwa Mama

Gari analijua kwa ndani. Mpe kiti kilichochanika, akipapase mara moja, atakwambia kama mwenye gari anaumwa mgongo au ana watoto wanaokula biskuti safarini. Anashona viti vya magari, ndiyo maana uani kwetu, kwenye karakana, tunamwita Mama Viti, na kwa miaka kumi na miwili cherehani yake imekuwa hatua sita kutoka pale ninapopaka rangi. Lakini chini ya gari hapajui. Huko ni kwa Mvungu, fundi wetu, ambaye miguu yake tumeizoea kuliko uso wake.

Gari alilitaka kwa jambo moja tu. Mama yake mzazi anaishi mlimani, kwenye machimbo ya zamani ya mawe, na goti lake lilihitaji mazoezi hospitalini kila wiki. Daktari alisema bila kuzunguka kwamba asipoanza mwaka huu, hatatembea tena. Teksi zinaishia chini, korongoni, na bibi wa watu hawezi kushuka mawe yale kwa mkongojo.

Yakaletwa magari mawili uani. La kwanza lilikuwa refu, zee, bodi imefungwa juu ya chesisi, fremu nzito ya chuma, kama lori. Ukikaa ndani linakutikisa mpaka unasahau ulichotaka kusema, na mafuta linakunywa bila haya. La pili lilikuwa safi, limeinuliwa kidogo na lina fowili, injini inasukuma magurudumu yote manne, ila chesisi ya peke yake halina. Kwangu mimi lile ni gari dogo lililovaa viatu virefu. Mama Viti alikaa katika yote mawili, akashuka, akasema, "Nataka hili zee."

Mumewe ni karani wa bohari, mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi vilevile. Akamshika bega. "Mke wangu, hili la pili lina fowili. Nimemuuliza Mvungu mwenyewe. Kwa mama litapanda likiimba." Akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mwenzake akaamini, wakanunua la pili. Mtu uliyeishi naye miaka kumi na tisa huwezi kumdai ushahidi.

Wiki nzima Mama Viti alishona mto wa kiti cha mbele, mnene upande wa goti bovu. Jumamosi tukaondoka, na mimi nikiwemo ili nisaidie kumbeba bibi. Korongoni, jiwe la kwanza lilikwaruza tumbo la gari. La pili likatoboa sampu, bakuli la oili chini ya injini, oili yote ikamwagika mchangani. Bibi tulimwona kutoka pale chini. Alikuwa amekaa mlangoni na gauni lake la kutokea, mkoba mapajani, anatupungia mkono. Binti yake akapanda kwa miguu kwenda kumwambia abadilishe nguo.

Jumatatu alifika uani akiwaka moto.

"Mvungu! Toka huko chini, muongo mkubwa we!"

Mvungu akajiburuta kwa mgongo mpaka nje, spana mkononi. "Nimekosa nini, dada?"

"Si wewe uliyemwambia mume wangu lile gari litapanda?"

"Mimi?" Akainuka, akakaa. "Shemeji aliniuliza kama litafika kwa mama. Nikamwambia, hata korongo halivuki. Akaniuliza tena, 'Una hakika?' Nikasema ninayo. Akasema, 'Basi hilohilo.' Dada, mimi nikadhani mama ameshahama kule."

Mama Viti alitafuta kiti, na katika karakana ile iliyojaa viti akaishia kukaa chini sakafuni. Alimwomba Mvungu radhi. Mimi sitaficha, nilitaka kwenda bohari nikamkunje mtu lile shati lake.

Jioni mume alikuja kumchukua kama kawaida, mzima, anatabasamu.

"Ulimuuliza mara mbili?" mkewe akamwambia.

Akanitazama mimi, akamtazama Mvungu, akingoja tuondoke. Hatukuondoka.

"Nilitaka uhakika," akasema hatimaye. "Mama akianza kushuka atalala kwetu leo, atalala kesho, mwisho hapandi tena. Nyumba yenyewe vyumba viwili. Ningekwambia hapana, ungenichukia."

"Kwa hiyo ukaona bora mawe ndiyo yaniambie hapana."

Mkewe akafunika cherehani, akaenda nyumbani kufungasha nguo zake. Tangu siku ile anaishi mlimani kwa mama yake. Asubuhi anashuka kwa miguu kuja kazini, jioni anapanda. Kila Jumanne majirani wanamshusha bibi kwa machela mpaka teksi ilipo, na sisi wa uani tunapokezana nao, migongo inatuuma, tunatukanana njia nzima. Goti limeanza kukunjika.

Lile gari Mvungu aliliziba, linatembea vizuri. Mumewe hupita nalo hapa uani akitoka kazini, anapunguza mwendo, anateremsha kioo na kuniuliza kama mke wake amesema atarudi lini. Namwambia apande kule akamuulize.