Nyayo Zilizounguza Nyasi za Mzee Mwero

Nyayo zilianzia mlango wa jikoni, zikakata ua, zikaenda kuishia kwenye kaburi la Mzee Mwero.

Hazikuwa nyayo za matope. Nyasi zenyewe zilikuwa zimekufa kwa umbo la mguu wa mtu, kisigino na vidole, manjano kabisa. Pembeni yake kijani kama kawaida.

Wenzangu, mimi mambo ya mizimu sina habari nayo, mtu akinianzia nabadilisha mada. Lakini Roselyne nafanya naye kazi ya kufua mashuka, hoteli moja huko Diani, na nyayo zile nilipelekwa nikaziona kwa macho yangu.

Roselyne ni mtu wa bara, Bungoma huko. Ameolewa kijiji cha Waa na Garama, askari wa jumba la watalii, mtu wa kurudi nyumbani Jumapili tu. Siku zote nyingine Roselyne hukaa na mama mkwe wake, Mama Dama. Mzee Mwero ndiye aliyekuwa mume wa Mama Dama, na amezikwa hapo hapo uani.

Wa kwanza kuziona alikuwa Jumwa, jirani yao, alipokuja kuomba chumvi. Na Jumwa akishajua jambo, mpaka madukani Kona ya Musa litajulikana.

"Roselyne, hebu njoo utazame. Ni mambo gani haya nyumbani kwenu?"

Roselyne akatazama.

"Labda ni jua."

"Jua lina vidole?"

Roselyne akainama kuzitazama tena.

"Mzee anatoka," Jumwa akasema, sauti chini. "Anatoka kaburini, anakuja mpaka jikoni kwako, kisha anarudi. Yote haya yameanza ulipokwenda kuunguza mahali pake."

Na hapo Jumwa alikuwa na la kushika. Kaburi lilikuwa limemezwa na magugu, na Roselyne ni mtu wa usafi, aliona aibu. Akaenda Kona ya Musa, duka la dawa za shamba, akamkuta muuzaji anaitwa Hesbon.

"Unataka inayoua magugu ya majani mapana na kuacha nyasi," Hesbon akamuuliza, "au inayoua kila kitu?"

"Nipe ya kila kitu. Sitaki kurudia."

Hesbon akamweleza. Avae gambuti, glavu na barakoa. Asipige penye upepo. Kuku na watu wasipite hapo mpaka pakauke. Achanganye ya kumtosha tu, isibaki.

Roselyne alifuata yote, hilo tumpe haki yake. Ila aliichanganya nyingi. Ikabaki, na kuimwaga akaona uchungu. Akaitia kwenye chupa ya soda, akaisimamisha jikoni nyuma ya mlango.

Mama Dama akaiona. "Mwanangu, hii ni nini?"

Roselyne alikuwa mbioni kwenda kazini, tuktuk inapiga honi nje.

"Ni dawa ya majani, mama."

"Haya. Mungu akuweke."

Magugu yakakauka kaburini. Halafu nyayo zikaja, na kila kukicha zikazidi kuonekana.

Roselyne akawa hali, halali. Nguo anapiga pasi akili haipo, shuka anaiunguza. Nikamwambia, dada, mzimu haujawahi kumla mtu.

Akaniambia, "Siogopi mzimu. Naogopa kufukuzwa."

Maana ndiko mambo yalikokuwa yanaelekea. Fondo, baba mdogo wa Garama, alishatuma neno: Jumapili wazee wanakaa. Mke ambaye marehemu hamtaki hawezi kuachwa aendelee kulala mle ndani. Na Roselyne kwao hakuna wa kumpokea, wazazi wamekufa na shamba lilishauzwa. Nyumba ile ndiyo kwao.

Jumamosi nikamsindikiza. Tulipofika nikaona begi lake ameshalifunga. Nikazitazama zile nyayo, nikazifuata mpaka kaburini.

Mama Dama akaingia, anachechemea, miguu ameizungushia vipande vya kanga kuukuu. Mkononi ana kikombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, huli, hulali. Keti unywe. Dawa umeileta mwenyewe, na mimi peke yangu siwezi kuimaliza."

Roselyne akapokea kwa mikono miwili, kwa adabu. Akainua kikombe. Kilipofika karibu na mdomo, akasikia harufu kali.

Nilimwona akigeuka rangi.

"Mama, hii ni dawa gani?"

"Si ile yako, dawa ya majani. Uliona miguu inavyonisumbua, ukaniletea kimya kimya bila kujisifu. Naipaka kila alfajiri, kisha naenda miguu mitupu kumwamkia mzee wangu. Mwanzo iliniwasha sana, nikajua inafanya kazi."

"Mama, umeinywa?"

"Bado. Nilisema uanze wewe, ndiwe mgonjwa zaidi."

Jamani.

Kwao Roselyne, majani ni nyasi na magugu, yale ya kulisha ng'ombe. Kwetu pwani nyasi ni nyasi, magugu ni magugu, na ukimwambia mama wa makamo yale dawa ya majani, atafikiria dawa ya miti, mwarobaini uliochemshwa. Neno moja, na kikombe kilikuwa kimefika mdomoni.

Tulimfungua vile vitambaa. Ngozi ya nyayo ilikuwa imebabuka, nyekundu, inatoa maji. Tukamwosha kwa sabuni na maji mengi ya kumiminika, tukachukua chupa yenyewe ya dukani yenye karatasi yake, tukamkimbiza hospitali Msambweni. Daktari aliisoma ile karatasi kabla ya kumgusa.

Jumapili wazee wakaja, Garama naye amerudi. Mama Dama akatoka na bandeji zake, akaenda uani, akaweka mguu juu ya unyayo mmoja. Ukaenea sawasawa.

"Mzimu wenu ni mimi," akasema.

Jumwa akatazama pembeni.

Fondo akauliza, "Na kaburini, shemeji, ulikuwa unafuata nini kila alfajiri?"

"Nilikuwa nikimwomba mzee amzoee Roselyne. Nilimwambia, siku yangu ikifika, huyu ndiye atakayeniosha."

Roselyne akakaa chini pale pale kwenye nyasi, akalia mbele za watu.

Sasa nisikilizeni. Sumu ikae kwenye chupa yake iliyokuja nayo, na ifungiwe. Isihamishiwe kwenye chupa ya soda hata tone. Changanya ya kukutosha. Na nyumbani kwenu acheni kuiita dawa. Kwa Mama Dama siku hizi inaitwa sumu, na kila mtu anaelewa. Mimi huwaza, Roselyne angechukua ile inayoacha nyasi, nyayo zisingetokea, asingekosa usingizi wala kuletewa kikombe, na chupa ile ingeendelea kupakwa mpaka ikanywewa.

Miguu ya Mama Dama ilipona. Mvua zikanyesha, nyasi zikarudi ua mzima.

Isipokuwa mahali pamoja. Kando ya kaburi zimebaki nyayo mbili, sambamba, vidole vimeelekea kwa mzee. Ndipo alipokuwa akisimama muda mrefu kumwombea mkwewe, na pale nyasi zimekataa mpaka leo.

Roselyne hapagusi. Asubuhi akienda kazini husimama kando ya nyayo zile, asizikanyage, akasema, "Shikamoo, baba."